Sauti Iliyotoka Kabatini

Mama yangu haoni vizuri, na duka langu la pembejeo liko Makambako. Ndiyo maana nilifunga intaneti nyumbani kwetu, kijijini Yakobi, nikaweka kamera ndogo yenye spika juu ya kabati la sebuleni, niwe namwangalia kwenye simu asije akaangukia jiko la mkaa.

Neno la siri la waifai nililibandika ukutani, chini ya kalenda ya kanisa. Jumuiya yetu huzunguka nyumba kwa nyumba kusali, na huku kwetu ukimnyima mgeni waifai utaitwa mchoyo mpaka unazikwa. Lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta sikuligusa. Lilibaki la kiwandani, na la kamera vilevile. Nilidhani mambo hayo ni ya mabenki.

Siku moja mchana, nikiwa dukani, nikafungua simu na kukuta kamera inageuka. Sikuigeuza mimi. Ilipita dirishani, ikapita mlango wa jikoni, ikasimama kwa mama. Kisha ikatoka sauti ya mwanaume, ya taratibu na yenye heshima.

"Kamwene, bibi."

Mama akainua uso. Kwetu salamu haiachwi bila jibu, hata ikitoka kabatini.

"Kamwene, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama, bibi. Binti yako anarudi leo?"

"Jioni. Ukipita na baridi hii, ufunguo wa jikoni uko kwenye ndoo ya viazi. Ingia tu uote moto."

Nilitetemeka mpaka mteja akaniuliza kama nina malaria. Nikapiga kelele kwenye simu: "Mama, usiongee naye!" Kamera ikageukia ukutani, ikatulia.

Nikampigia fundi aliyenifungia.

"Dada, huyo hayuko mbali," akasema. "Ameshika waifai yako. Ni mtu wa hapo hapo."

Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Siku zote nilidhani wezi wa mtandao wako Dar au ng'ambo. Huyu alisalimia kama sisi.

Nilifika nyumbani nikiogopa kufungua mlango wangu mwenyewe. Mama alikuwa mzima, anamenya viazi. Fundi akanielekeza kwa simu, nikabadilisha maneno yote ya siri: la waifai, la mipangilio, la kamera. Karatasi ya ukutani niliichoma. Ufunguo wa jikoni niliuvaa shingoni kwa kamba, na usiku nililala nao.

Mama alinuna. "Mbona yule kijana hanisalimii tena?"

"Mama, yule ni mwizi."

"Mwizi gani anasalimia?"

Zamu yetu ya sala ikafika, na nyumba ikajaa. Nilikuwa namimina chai huku nikisikiliza kila sauti, na kila aliyeuliza neno jipya la siri nilimwambia intaneti imekufa. Akaingia mwanaume mmoja wa jumuiya, yule ambaye kila Jumapili humshika mama mkono akimvusha barabara. Akainama mbele yake.

"Kamwene, bibi."

Mama akapiga makofi kwa furaha. "Huyu hapa! Ndiye anayenisalimia kutoka kabatini!"

Sebule nzima ikaangua kicheko, wakasema ni uzee. Nikaweka birika chini. Yeye hakucheka. Alitazama juu ya kabati, kisha akautazama ufunguo shingoni mwangu.