Hukumu Aliyoisoma Mwalimu Magesa

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya televisheni iliyowaka muda mrefu mpaka leo hunipandisha hasira. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutaja harufu ya maandazi na wali wa sikukuu. Mimi yangu ni hiyo, ikichanganyika na petroli ya jenereta na jasho la watu waliobanana kwenye darasa moja, madirisha yamezibwa kwa mablanketi saa nane mchana.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imeanza kuuzwa mnadani, na mchuuzi mmoja wa sangara kijijini kwetu, kule Suguti, alikuwa amejinunulia televisheni na deki ya video. Ili watu wasimwone ana majivuno, akakiazima kigango, kanisa letu dogo la kijijini, vyombo vyake kipindi cha Kwaresima. Katekista wetu akapanda baiskeli hadi Musoma mjini kutafuta filamu ya kutujenga kiroho. Kiingereza hakujua, lakini macho alikuwa nayo. Akaona kasha lenye picha ya padri ameinua msalaba, akaridhika, akalifunga kwenye keria ya baiskeli akarudi. Hakujua kwamba kuna filamu ambazo padri huinua msalaba kwa sababu nyingine kabisa.

Sasa niwaambie kwa nini filamu ile ilituhusu sisi kuliko wengine. Dada yangu Nyanjura, aliyenizidi miaka mitano, alikuwa na kifafa. Miaka ya shida, zahanati ilipokuwa haina hata panadoli, aliangukia mafiga ya moto akaungua mkono wote wa kushoto. Majirani walikuwepo na hakuna aliyemshika, maana kwetu waliamini ukiligusa povu la aliyeanguka, na wewe utaanguka. Mama ndiye aliyekuja kumvuta.

Dawa iliporudi zahanati, Nyanjura akaanza kumeza vidonge vyeupe kila jioni. Kuanguka kukapungua sana, ila mchana alikuwa akisinzia hata akiwa anachambua mchicha. Baba akasema vidonge vinamlaza pepo tu, havimtoi. Upande wa Bunda kulikuwa na mwombezi aliyesifiwa, na sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa aache dawa zote kabla ya kufika kwake. Baba alishaamua. Wangeondoka Jumamosi, na vidonge vingetupwa ziwani.

Mimi nilimuunga mkono Baba kwa moyo wote, na leo sioni haja ya kujitetea. Nilikuwa na miaka tisa na nilichoka kuitwa mdogo wake yule anayeanguka. Pepo huwa anatoka, nilijiambia, lakini vidonge havina siku ya mwisho.

Aliyetutafsiria filamu alikuwa Mwalimu Magesa, mwalimu wangu wa darasa la tatu, kwa kuwa padri alikuwa safarini kwenye vigango vingine na Kiingereza hapakuwa na mwingine wa kukijua. Mara mbili Mwalimu alikuwa amekuja nyumbani kumsihi Baba asimwachishe Nyanjura dawa. Mara mbili Baba, kwa heshima zote, alimshauri arudi kwenye jedwali lake la kuzidisha. Siku ile alisimama kando ya televisheni na fimbo ya ubaoni mkononi, akimwonyesha kila anayesema.

Filamu ilianza na msichana aliyejirusha sakafuni akitetemeka, povu mdomoni. Darasa zima likageuka kutuangalia sisi. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na Nyanjura akahama benchi, na aliyemfuata naye akahama, mpaka tukabaki wawili tu. Nyanjura hakugeuka. Alinishika mkono wangu kwa ule wake wenye kovu, na mimi, Mungu anisamehe, niliona haya nikautoa.

Baada ya hapo ikawa mahakama. Mama wa yule msichana alikuwa ameshtakiwa kwa kumfunga mwanawe kitandani siku tisa ili aombewe, na dawa zake akazitupa, mpaka mtoto akapooza miguu. Wakili wa mama akadai ni pepo, wakili wa serikali akadai ni ugonjwa, daktari akaongea, padri akaongea, kisha mawakili wakarudia yote tangu mwanzo. Shetani mwenyewe alitokea mara mbili, kwa kifupi, kwa umbo la paka mweusi, akaondoka.

Watu walikasirika. Walisema wameitwa kumwona shetani wakaonyeshwa watu wanabishana mezani. Mama mmoja wa kwaya alisema fisi wa Butiama wanatisha kuliko kile kipaka walichokipaka masizi. Wavuvi walisema yule si pepo wa kweli, maana pepo wa kweli hujua lugha zote na huyu hakutamka hata neno moja la Kijita. Mzee mmoja alichukizwa na hakimu, mtu mzima mwenye wajukuu, kuvaa nywele za bandia za kike mbele za watu. Katekista, aliyelaumiwa na kila mtu, alijifanya anashughulikia jenereta.

Baba peke yake hakulalamika. Baba alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wanaokaa pembeni ya hakimu na kuulizwa maoni yao, na kazi ile aliiheshimu kuliko kitu chochote. Alikuwa ameweka kofia gotini, kama afanyavyo mahakamani.

Hakimu wa kwenye filamu akasimama kusoma hukumu. Mwalimu Magesa alisikiliza mpaka mwisho bila kutafsiri, akajifuta uso, akamtazama Baba, kisha akasema kwa sauti ya darasani:

"Hakimu anasema hivi. Huyu mtoto alikuwa mgonjwa. Dawa alikuwa nayo, na mama yake akaitupa. Kwa hiyo mama ndiye mkosaji, na mahakama inamtia hatiani."

Darasa likalipuka. Wakasema hakimu amehongwa. Kandambili ikarushwa ikapita karibu na kioo, na mchuuzi wa sangara akaikumbatia televisheni yake. Mtu mmoja akauliza, kama kafungwa, mbona yule mama anamkumbatia wakili na kucheka? Mwalimu akajibu kwamba kwao ndivyo wanavyoagana. Wakamzomea, wakamwambia amewaharibia filamu, na mimi nikazomea kwa nguvu kuliko wote. Nilimchukia. Nilimaliza muhula mzima simwamkii, na fimbo niliyochapwa kwa utovu huo niliiona ni halali yangu.

Njiani kurudi nyumbani Baba alitutangulia mpaka kwenye mihogo yetu. Ndipo akamwambia Mama, ambaye hakuwa amemwuliza kitu:

"Kesi nimezisikilizaga miaka kumi. Hukumu ikishasomwa, ugomvi umekwisha."

Jumamosi ikafika, hatukwenda Bunda. Jioni ile Baba mwenyewe alimpelekea Nyanjura kikombe cha maji na kidonge.

Miaka imepita. Nyanjura sasa ana watoto watatu, anauza dagaa, na vidonge bado anameza. Krismasi iliyopita alikuja kunitembelea Mwanza, nami nilikuwa nimeiona filamu ile kwenye meza ya muuza santuri za video, padri yuleyule na msalaba wake, nikainunua kwa ubishi tu. Tuliitazama kwenye televisheni yangu kuukuu mpaka vumbi likaanza kunuka. Bado ni mbaya, na wale waliozomea walikuwa na haki.

Hakimu akasimama. Safari hii Kiingereza nilikijua, na nilimsikia akisema kwamba mahakama haiwezi kukana kuwa pepo alikuwepo, na kwamba mama yule yuko huru. Yule mama alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa ameshinda.

Mwalimu Magesa alishazikwa zamani, na tangu siku ile kijiji kilimwita mharibu filamu mpaka alipohama. Hakuwahi kujitetea. Mimi sikumpa hata shikamoo.

"Anasemaje huyo hakimu?" Nyanjura akauliza. "Kiingereza chao kinakimbiaga."

Nikamwambia, "Anasema mtoto alikuwa mgonjwa. Dawa alikuwa nayo, na mama yake akaitupa."

"Hata siku ile alisema hivyohivyo," akasema Nyanjura, akainuka kwenda kuchukua maji ya kumezea kidonge chake.