Mke wa Benchi la Kasulu

Bazilio wa mashine ya kusaga pale Kibondo hakuwa na mke, na mji mzima ulikuwa umeshamsema mpaka ukachoka. Wanawake walioleta udaga wao, ule muhogo mkavu, kusagwa walimtania: kaka Bazilio, unga wote huu unampikia nani? Alicheka nao, akageukia mashine, maneno yakapita. Aliyempenda alikuwa mwanaume, Gharibu, dereva wa lori la maharage. Kila alipopita Kibondo alilala kwa Bazilio, na kila alipoondoka Bazilio alijua kwamba huko mbele ya safari halali peke yake. Kondomu Gharibu hakutaka hata kuisikia. Naye Bazilio kumwacha hakuweza. Basi cha kumwokoa kilibaki kidonge kimoja kila siku, dawa ya kinga, ile anayomeza mtu asiye na virusi ili asivipate.

Mwanzoni mambo yalikuwa rahisi. Kulikuwa na mradi uliomletea dawa kimyakimya, mkononi, bila maswali. Mradi ukafungwa. Walioufunga wako mbali huko, wanalala salama, na tusiwaseme zaidi tusije tukatukana.

Akaambiwa aende kituo cha afya. Cha Kibondo? Thubutu! Huko kila muuguzi anasagisha kwake. Akapanda gari mpaka Kasulu, ambako hakuna amjuaye. Muuguzi akamwuliza kwa upole kabisa, dawa ya kinga unaitakia nini? Mficha uchi hazai, wanasema. Waliosema hawakuwahi kuwa na uchi wa Bazilio, ambao ukiufunua unakwenda jela, au unakuta mashine imechomwa moto nawe ukiwa ndani. Akasema mke wake ana virusi. Muuguzi akamhurumia, akampa dawa, akamwambia safari ijayo aje na huyo mke, maana mke na mume hufuatiliwa pamoja.

Mke atoke wapi? Akamwendea Odilia. Walizaliwa kijiji kimoja, Kumsenga, wakachunga mbuzi pamoja, na Odilia alijua yote siku nyingi bila kuambiwa. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na banda lake la chakula pale sokoni, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, halikukosa watu. Bazilio alipomweleza, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, akasema kuliko kumzika, heri awe mke wa benchi. Wakaenda, wakakaa bega kwa bega. Alipoulizwa dawa zake anachukulia wapi, akajibu Kibondo, akaaminiwa. Walirudi wanatafuna karanga ndani ya gari, wamefurahi kama watoto waliomdanganya mwalimu.

Hawakujua kwamba siku ile ndiyo siku ya wanaochukua dawa za virusi, na kwamba benchi la nyuma alikaa mama mmoja wa Kibondo, kajifunika mtandio mpaka puani, naye kaja mbali kwa kujificha vilevile. Aliwaona. Na pengine kwa kuogopa asisemwe yeye, akawahi kumsema Odilia, Bazilio hakumtaja.

Kibondo hawakumtukana Odilia. Laiti wangemtukana, angewajibu. Mdomo alikuwa nao. Walimsalimu vizuri kwa salamu ya kwao, mwakeye, wakamwulizia mtoto, kisha wakapita kwenda kula banda la pili. Kakanyaga waya, walinong'onezana. Migebuka ikalala sufuriani. Akaenda kupima, akarudi na majibu kwamba ni mzima, akawaonyesha. Wakasema majibu hununuliwa, na kama ni mzima, kwenye lile benchi la Kasulu alifuata nini? Hapo Odilia alinyamaza. Neno moja tu lingemsafisha, lakini lilikuwa neno la mtu mwingine, na hakulisema. Jamani, wangapi kati yetu wangenyamaza?

Bazilio akakonda. Mwishowe akapata alichokiona kuwa dawa ya jambo lile, na nia yake, Mungu anajua, ilikuwa safi. Jumapili baada ya misa, soko limejaa, akasimama mbele ya banda tupu la Odilia akasema kwa sauti kwamba mgonjwa ni yeye. Odilia ni mzima, alimsindikiza tu. Alikuwa tayari udaga wote wa Kibondo uhamie mashine nyingine.

Loo, maskini! Watu walitazamana. Mwanamke ambaye si ndugu yako akusindikize kuchukua dawa za virusi kwa lipi? Kumbe! Kumbe miaka yote hakuoa kwa sababu alikuwa na Odilia! Lisemwalo lipo, wakasema, na safari hii hata wale wachache waliokuwa wakimtetea waliacha. Bazilio alikuja kufuta, akapigilia msumari kwa mkono wake mwenyewe.

Kasulu alirudi peke yake. Muuguzi yuleyule mpole akamwuliza, baba, mkeo yuko wapi? Uongo mwingine ulimshinda, na ukweli haukutoka. Akaaga, akaondoka mikono mitupu, na hakurudi tena.

Odilia naye aliuza masufuria. Siku anahamia kwa mama yake Kumsenga, Bazilio alimbebea godoro mpaka kwenye gari. Alitaka kumwomba radhi, akaishia kulifunga godoro kamba upya. Odilia hakulia. Alimpangusa unga begani, taratibu.

"Dawa unameza?" akamwuliza.

"Nameza," akasema Bazilio.

"Meza, ndugu yangu. Nisije nikawa nimevuliwa nguo bure."

Gari likaondoka. Vidonge vilikuwa vimekwisha siku nyingi, na Gharibu alikuwa amepiga simu asubuhi ile: yuko njiani, leo atalala Kibondo.