Birika la Tembo

Mume wangu alikuwa mhandisi wa maji, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni bomba la hifadhi ya taifa, lililoshusha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi nyumba za wafanyakazi na za wageni. Katikati ya njia, penye nyasi tupu, alijenga birika la saruji lenye koki ndogo ambayo haikufungwa kamwe.

"Mzee, unawafungulia tembo baa?" wenzake walimtania.

"Wasipokunywa hapa, watalifuata bomba lenyewe," alijibu. Tembo hunusa maji hata yakiwa chini ya udongo.

Alipofariki, nafasi yake aliipata mwanetu wa pekee, aliyesomea kazi hiyohiyo. Nilivimba kichwa, sikatai. Jina la ukoo lilikuwa lilelile, hata kibao cha mlango wa ofisi hakikubadilishwa.

Kiangazi kilipokaza, wageni walilalamika kwamba wanabaki na sabuni mwilini. Jioni moja mwanangu aliniambia, huku anakula, "Nimefunga birika la baba."

"Na tembo?"

"Tembo wana mto, mama."

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Tembo walilikuta birika kavu, wakalifukua bomba na kulivunja vipande. Askari wa hifadhi aliyetumwa kuwafukuza alikanyagwa kiuno. Hatatembea tena.

Mhifadhi mkuu aliniita kwenye kikao, kwa heshima ya marehemu, alivyosema.

"Utuwie radhi, mama. Inaonekana mzee alilifukia bomba juu juu mno."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Neno langu moja lingemsafisha baba na kumpaka matope mwana, na jina wanalo moja. Nilishukuru kwa chai nikaondoka.

Nyumbani alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakuingia.

"Mama, mbona hukunitaja?"

"Ulimi unao, baba. Sikukuzaa bubu."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Mama!"

"Baba yako analala kaburini na kosa lako kifuani. Wewe unalalaje?"

Asubuhi alivaa koti la baba yake, linalompwaya mabegani, akaenda kusema.

Walimfukuza siku ileile. Koki imefunguliwa, bomba limeungwa, na hakuna tena anayemsema mume wangu vibaya. Mwanangu alirudi na kile kibao cha mlangoni, amekifunga kwenye gazeti. Kiko juu ya kabati. Hatujakifungua.

Mara kwa mara mwanangu huenda kwa yule askari na mfuko wa unga na sukari. Mke wa askari hamfungulii. Huuacha mfuko kizingitini, na akipita kesho yake huukuta palepale.

Watu wakiniuliza kijana yuko wapi siku hizi, nawajibu yuko nyumbani, na nawaeleza kwa nini. Nawajibu kichwa kikiwa juu, ingawa shingo inauma.