Hamtaniona na Bima ya Watu Kumi

"Mke wangu akija kujifungua, mimi hamtaniona nazungusha kofia!"

Maneno hayo aliyasema shemeji yangu, fundi pancha, akiwa amesimama juu ya tairi la lori katikati ya gereji, mbele ya mafundi wote na wateja wawili waliokuja kujaza upepo tu. Siku hiyo kofia ilikuwa inazunguka kwa ajili ya fundi breki. Mkewe alikuwa amejifungua salama, mama mzima, mtoto mzima, ila bili ilikuwa nzima kuliko wote wawili, na hospitali ilikuwa haimruhusu mama kutoka mpaka ilipwe. Kofia yenyewe ilikuwa ya shemeji, ile iliyokula grisi miaka mingi mpaka rangi yake ikawa suala la mjadala. Alitia chake, akazungusha, akakusanya vya wenzake, halafu mdomo ukamponyoka.

"Hatutakuona?" akauliza mzee wa betri, ambaye hupenda mtu arudie ujinga wake ili wote wausikie.

"Hamtaniona!"

Basi. Kuanzia siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likastaafu. Wateja wakawa wanaulizia, "Hamtaniona yupo?" naye anaitikia kutoka chini ya gari, "Yupo!"

Dada yangu, ambaye ndiye mke mwenyewe, alikuwepo. Alikuwa amemletea mumewe chakula, akasikia tambo lote tangu mwanzo. Alimwacha ale amalize, anawe, ashibe vizuri. Kisha akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Baba Watoto, nataka kukuambia kitu."

"Watoto wametoka wapi? Si tuna mmoja?"

"Ndiyo hicho ninachotaka kukuambia."

Shemeji alikaa chini. Hakuangalia anakalia nini, na ovaroli lile halikutakata tena mpaka lilipogeuzwa tambara.

Si kwamba hakumtaka mtoto. Ni kwamba alimkumbuka wa kwanza. Yule alizaliwa kwa upasuaji wa dharura, na ili mama na mwana watoke wodini, shemeji aliuza mashine ya upepo. Fundi pancha asiye na mashine ya upepo ni kama kinyozi asiye na mkasi. Mwaka mzima alijaza matairi kwa pampu ya mguu, ya baiskeli, ya pikipiki, mpaka ya magari ya abiria, huku wateja wanapiga miayo. Mguu wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Mpaka leo akinunua suruali anaijaribu mguu mmoja tu, ule mnene, akijua mwenzake hana shida. Wakati huo wote sikumsikia akilalamika. Akichekwa alikuwa anasema yuko mazoezini.

Na safari hii daktari alikuwa amemwambia dada bila kupindisha: mshono wa kwanza hautaki mchezo. Asijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati ya mtaa. Aende hospitali yenye chumba cha upasuaji, daktari na damu ya akiba. Yaani ile ile iliyokula mashine ya upepo. Nyingine karibu haikuwepo.

Hivyo Hamtaniona akaanza kutafuta bima. Mimi, ninayeandika risiti hapo gerejini, nikaburuzwa kama msaidizi kwa kuwa nina diploma niliyoiacha katikati. Alisema inanitosha, kwa sababu masharti ya bima nayo watu huyasoma nusu.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ghorofani, na baridi ya kiyoyozi ilitupiga mlangoni. Kijana mwenye tai akatukaribisha viti vinavyozunguka.

"Uzazi mnalipa?" shemeji akauliza kabla hajakaa.

"Tunalipa, mzee wangu. Baada ya kusubiri miezi kumi."

Shemeji akatazama dari, midomo ikimcheza. "Mimba miezi tisa, kusubiri miezi kumi. Aliyetunga hii ana akili nyingi. Mungu amsamehe."

Ofisi ya pili walilipa uzazi, lakini wa kawaida tu. Upasuaji ni juu ya mteja. Shemeji akataka kuhakikisha ameelewa: "Yaani manyunyu mnatupa mwavuli, mafuriko kila mtu na mtumbwi wake?" Ofisi ya tatu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba alimuuliza kama mkewe ni mjamzito tayari, na alipojibiwa ndiyo akafunga faili. Hiyo, alisema, ni hali iliyokuwepo kabla ya bima.

"Mama, huyo ni mwanangu," shemeji akamwambia. "Unamtaja kama kutu kwenye gari la mtumba."

Kilichonifanya nimheshimu si utani. Utani hata mimi ninao. Ni kwamba hakuwahi kupunguza sauti. Wanaume wengine niliowaona kwenye foleni hizo walikuwa wanainama dirishani na kutamka "uzazi" kama wanaulizia mali ya wizi. Yeye alilitamka kama anavyotaja saizi ya tairi. Alijua mshono wa mkewe ulishonwa vipi, alijua shinikizo lake la damu la kliniki ya mwisho, na alitaka kujua kama damu ya kuongezewa inalipiwa. Kufika ofisi ya tano, wanawake wa kwenye benchi walikuwa wanamtuma.

"Kaka, waulize na mapacha."

"Na mapacha je?" anauliza dirishani.

"Una mapacha?"

"Mimi sina. Yule pale mwenye gauni la maua ndiye anaowaogopa."

Mwisho tuliangukia ofisi ndogo juu ya duka la rangi. Wakala alikuwa mwanamke wa makamo, chai yake imefunikwa kwa sahani, feni imefungwa kwa waya. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mwenye kiyoyozi hakulifanya.

"Peke yako hutapata," akasema. "Njoo na kikundi. Watu kumi wanaofanya kazi mahali pamoja, mnachanga kila mwezi. Kikundi kikishapita, uzazi unalipwa kuanzia mwezi unaofuata. Upasuaji umo. Mimba iliyokwisha kuingia nayo imo."

"Mbona kikundi ndiyo, mimi hapana?"

"Kwa sababu kati ya kumi hawatazaa wote kwa mara moja. Wazima wanambeba mwenye shida."

Shemeji akavua kofia, akaitazama ndani. "Kumbe ni kofia."

"Ni kofia, baba. Ila hii inazungushwa kabla."

Alirudi gerejini anatembea kama mtu aliyeokota pochi. Wakala alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi, na tumbo la dada lilikuwa limeshaanza kutangulia mlangoni. Fundi breki aliingia kikundini kabla hajamaliza kuelezwa. Wengine ilibidi kubembelezana.

"Mimi bachela," akasema fundi rangi. "Nizae na nani?"

"Utaoa."

"Na sura hii?"

"Basi utaugua tumbo kama binadamu wengine. Na tumbo wanalipa."

Fundi umeme akasema mke wake alishafunga duka baada ya mtoto wa saba. Shemeji akamuuliza hao saba huwa wanatibiwa na nani, na fundi akaomba kalamu. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, huku anaziba pancha na kuhubiri, akafika watu tisa, yeye na mimi tukiwemo.

Wa kumi alibaki mzee wa betri. Mzee akagoma.

"Nimezaa, nimelea, nimemaliza. Nikiumwa nakunywa maji ya moto nalala. Halafu wewe si ulisema hatutakuona? Mbona tunakuona kila siku na makaratasi?"

Gereji nzima ikacheka, na Hamtaniona akacheka nao. Lakini baadaye nilimkuta nyuma ya banda anagonga rimu ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Fundi rangi alipomwona hivyo akamnong'oneza njia ya mkato: amwandike mdogo wake aliyeko shamba, nani atajua?

"Hapana," akasema shemeji. "Mke wangu yuko kitandani amepasuliwa, bima wanauliza wa kumi yuko wapi, na mimi nianze kutafuta uongo wa pili? Sibandiki kiraka juu ya vumbi. Nataka mtu kweli, anayefanya kazi hapa kweli."

Habari hiyo ilifika nyumbani, ikamfikia mama yetu. Mama alikuwa amestaafu kazi ya usafi shuleni, na tangu astaafu alikuwa anashinda nyumbani akigombana na redio. Shemeji alipokuja kumsalimia, mama akamkaribisha kiti na kumuuliza:

"Mwanangu, huyo wa kumi lazima awe na ndevu?"

"Hapana, mama. Lakini kazi ya kule ni chafu."

"Nimesafisha vyoo vya shule ya wavulana mpaka nimestaafu. Wewe ndiye utakayenieleza uchafu?"

Shemeji akamuuliza saizi ya ovaroli.

Jumatatu mama akaripoti. Shemeji alimpa ovaroli, kigoda na mshahara wa kila wiki kama fundi mwingine, akamweka kwenye nusu pipa la maji. Kazi ilikuwa kuzamisha tyubu, kuizungusha polepole na kutazama mapovu yanatokea wapi. Mwanzoni mafundi walikuwa wanamwamkia na kuona haya kutukana mbele yake, gereji ikawa kimya kama maktaba. Haikuchukua muda akawa anaziona pancha ambazo mkwewe amezipita. "Baba," anamwita, "hapa napo panapumua," na Hamtaniona anakuja kuinama, anaona povu dogo kama kichwa cha pini, anasema, "Ahsante, mama," huku masikio yamemwiva.

Wakala alipokuja kukagua kikundi, alimkuta mama amezama mikono mpaka viwikoni.

"Mama, na wewe unafanya kazi hapa?"

"Sogea kidogo, mwanangu. Hapa kunarusha maji."

Kikundi kikapita. Siku ya pili mzee wa betri akaja na kitambulisho chake, akaomba awe wa kumi na moja. Akasisitiza kwamba ni kwa ajili ya mgongo.

Simu ya hospitali ilikuja mchana, kazi imepamba moto. Dada alikuwa ameenda kliniki ya kawaida, wakamlaza hapo hapo; mshono ulikuwa umeanza kuleta maneno. Hamtaniona aliondoka na ovaroli na kofia yake, tairi la mteja likabaki juu ya jeki. Sisi wengine tulifuata nyuma kwa gari la kuvuta magari mabovu, mama mbele, mafundi nyuma wameshikilia mnyororo. Mlinzi wa getini alitaka kujua tumekuja kuvuta nini.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Shemeji hakukaa. Hakufanya utani hata mmoja. Kila mlango ulipofunguliwa alivua kofia, na ulipofungwa akaivaa. Sijui aliivua mara ngapi. Mwisho akatoka nesi akasema mtoto ni wa kike, mama yake yuko macho na ameanza kuuliza kama mumewe amekula. Shemeji akageukia ukuta, na hakuna aliyemtania.

Siku ya kuruhusiwa tulirudi wote. Dirishani mhasibu aliitazama kadi ya bima, akagonga muhuri, akairudisha. Upasuaji umelipwa. Kitanda kimelipwa. Damu imelipwa. Shemeji akatugeukia kifua mbele, tayari kwa hotuba.

"Baba," nesi akamwita kutoka nyuma, "limebaki beseni la kumwogeshea mtoto. Hilo bima hailipi. Linauzwa duka la getini."

Shemeji akajipapasa. Mfuko wa kulia ulikuwa na kipande cha kiraka, wa kushoto una msumari aliouchomoa kwenye tairi asubuhi ile. Akajipapasa tena, kana kwamba hela huzaliwa kwa kupapaswa.

Mama akainua mkono, akamvua mkwewe kofia kichwani, akatia chake, akampa mzee wa betri.

"Tunakuona!" mzee akasema, akaipitisha kwa fundi breki.

Beseni lilikuwa shilingi elfu tatu.