Yai Lililotoka Mkononi Mwangu

Acha niseme yote mara moja ili mcheke mmalize: nilitoboa lengelenge kwenye kiganja changu, nikakamulia maji yake kwenye kijiko cha kachumbari cha mama yangu, nikayapika juu ya jiko la biashara, tena wakati wafanyakazi wa kiwandani wanakaribia kutoka na njaa zao. Ndiyo. Kijiko hicho hicho. Mmemaliza? Sasa niwaeleze jinsi mtu mwenye akili timamu (na B ya biolojia, tafadhali) anavyofika hapo.

Lengelenge lenyewe nililipata Ruiru, kwa Tata Wangari, dada ya mama, aliyeniita nikamchimbie shimo la takataka, nami nikalishika jembe kwa kiherehere kama mtu anayepigwa picha, na kufikia saa ya chai kiganja kilikuwa kimefura kibofu kikubwa kinachong'aa, ukikibonyeza unaona maji yanacheza ndani. Tata alikitazama, akacheka mpaka akakalia ndoo. "Hiyo ni mikono ya kubonyeza simu! Jembe linashangaa limeshikwa na nani." Nikarudi kwetu Kiganjo, na mama akasema jambo moja tu: nisilitoboe, litakauka lenyewe.

Shida ilianza shuleni. Madam Nyambura, mwalimu wetu wa biolojia, badala ya kunionea huruma alinisimamisha mbele ya darasa kama chati. Akasema yale si maji matupu: ngozi ya juu ikisuguliwa huachana na ya chini, ile nafasi ikajaa majimaji yanayovuja kutoka kwenye damu, na ndani yake mna albumini, protini ambayo kazi yake ni kuvuta maji yasitoroke ovyo kwenye mishipa. Halafu akaongeza (hapa ndipo aliponimaliza) kwamba albumini ikipata moto huganda ikawa nyeupe, kama ute wa yai.

Kevo, rafiki yangu wa dawati moja, akaninong'oneza, "Wacha uongo, buda. Hiyo ni maji tu, kama jasho."

"Ni protini."

"Maji."

"Protini!"

"Basi ipike tuone."

Ningesema hapana, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Mama yangu huuza mayai ya kuchemsha na soseji za smokie kwa toroli, karibu na geti la kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, na hakuna anayepasua yai kama yeye: kisu kinapita mara moja, kachumbari inaingia, chumvi, pilipili, unakabidhiwa kabla hujamaliza salamu. Toroli hiyo ndiyo iliyonivalisha hii sare ya shule. Mteja wake wa kwanza kila jioni ni Auntie Mwende, fundi wa cherehani mwenye sauti ya kuhubiri bila spika, na wenzake wote humfuata. Akisimama yeye, foleni inasimama nyuma yake. Jioni hiyo mama aliishiwa nyanya. Akaniambia, "Njoro, niangalilie toroli, na usiguse chakula na huo mkono."

Na kweli, chakula sikugusa. Niligusa kijiko.

Kevo alikuja na pini. Geti lilikuwa bado limefungwa, barabara imetulia, nikajitoboa, nikakamua (ilichoma, lakini mwanasayansi halii mbele ya Kevo), matone yakajaa chini ya kijiko, masafi kama maji ya mvua. Nikakishikilia juu ya makaa. Tukangoja, vichwa vimegusana. Mara yale maji yakaanza kuwa na ukungu, kisha weupe, kisha yakashikana kabisa, kaute kadogo keupe, nami nikaruka juu nikapiga kelele, "Imekuwa yai! Kevo, imekuwa yai!"

"Nini imekuwa yai, kijana?"

Kumbe geti lilishafunguliwa. Auntie Mwende, kwa vile ni mtu wa nyumbani, alikuwa ameshajimenyea yai, amesimama nyuma yangu anatafuna, na wenzake nyuma yake. Hapa mtu mwenye akili hudanganya. Mimi nilikuwa na furaha. Nikamsogezea kijiko hadi karibu na pua nikamwambia, "Maji ya lengelenge yangu, Auntie! Ni protini, ikipikwa inaganda kama hilo unalokula!"

Auntie akaangalia kijiko. Akaangalia kiganja changu, ngozi inaning'inia. Akaangalia yai lake. Taya zikasimama.

"Woi! Watu wangu, msikule hapa! Huyu mtoto anapika mkono!"

Foleni ilipasuka. Nilijaribu kueleza habari za albumini, lakini jamani, kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyokimbia, na Kevo, shahidi wangu wa pekee, alikuwa ameshageuka vumbi. Mama alirudi na nyanya zake akakutana na wateja wake wakienda upande ule mwingine, kila mmoja akitazama chini. Hakunipiga. Alitupa kijiko, akamwaga kachumbari yote, akafunika mayai, tukasukuma toroli hadi nyumbani. Afadhali angenipiga.

Kesho yake mkono ulivimba. Kwenye zahanati nesi aliusafisha, akaufunga bandeji, akaniambia ile ngozi niliyotoboa ndiyo ilikuwa plasta niliyopewa na Mungu bure. Mama alinishika mkono ule mwingine muda wote kama mtoto wa nasari. Lakini jioni baada ya jioni alirudi na mayai aliyoondoka nayo, na nilimsikia akimwambia Tata kwa simu, "Watarudi tu," kwa sauti isiyo na chumvi.

Nikaenda getini mwenyewe kumngoja Auntie Mwende.

"Auntie, ni mimi niliharibu. Mama hata hakuwepo, na kijiko alikitupa. Mnichukie mimi, si yeye."

"Mkono uko wapi?"

Nikamwonyesha bandeji.

"Haya, nitakula. Lakini wewe utasimama ng'ambo ya barabara, mkono juu, niuone mpaka kila mtu ameze!"

Basi nikasimama, na sare yangu, mkono juu. Boda boda walikuwa wanasimama mmoja baada ya mwingine, "Twende wapi, boss?" Wanafunzi wa shule yetu wakapita wakipiga kelele, "Madam, Njoro ana swali!" Hata Kevo alipita, msaliti, akanipungia. Lakini kule ng'ambo Auntie Mwende aliuma yai, akatafuna, akatikisa kichwa kwa utamu, na nyuma yake foleni ikaanza kuota tena, na kisu cha mama kikaanza kupita, pa, pa, pa.

Nimeapa: kuanzia siku hiyo kilicho ndani ya ngozi yangu kitabaki ndani ya ngozi yangu, na nikitaka kupika sayansi, kuna maabara.

Foleni ilipoisha mama alipangusa kisu, akafunika jiko, akavuka barabara na yai la mwisho, limepasuliwa, na pilipili kidogo vile ninavyopenda. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi huko juu. Akalileta mwenyewe mpaka mdomoni.

"Shusha mkono, mwanangu, ule. Hii imetoka kwa kuku."