Stika Niliyobandika Juu ya Taa ya Gari

Kosa ni langu, wasomaji wenzangu. Nimehangaika sana kutafuta mtu wa kumsukumia: fundi, barabara, mahasidi. Hakuna aliyelipokea.

Mimi nauza pembejeo hapa Kilosa. Msimu mmoja ulinikubali, nikanunua gari la dizeli la Kizungu. Si jipya, lakini linang'aa! Kutoka nyumbani hadi dukani ni karibu kiasi cha kuitana, ila mimi nilikuwa naendesha. Tena polepole. Ukikimbia, nani atakuona?

Siku moja taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Fundi akaitazama, akacheka.

"Bosi, ekzosi ya gari hili ina chujio la masizi. Likijaa, gari linayachoma lenyewe, lakini mpaka likimbie mwendo mrefu. Wewe unalipeleka dukani na kulirudisha! Litoe barabarani likimbie, na ukisikia limeanza kuchoma, usisimame, usizime injini."

Nikamwona ana wivu. Eti mtu asiye na hata pikipiki anifundishe kuendesha! Nikanunua stika iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, nikaibandika juu ya ile taa. Ikatoweka. Nikajiona nimetengeneza gari.

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe.

Mama mkwe wangu anaishi nasi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni ila mwanga na kivuli. Mke wangu alipojifungua kitindamimba wetu tukampa jina la bibi yake, Mwanaidi. Watu wakisema wamefanana, yule mama humpapasa mtoto uso mzima na kuuliza, "Pua kweli ni yangu? Mbona naiona ya baba yake?" Tunacheka wote, lakini anatamani kumwona hadi unamhurumia.

Tukasikia madaktari wa macho wanapita Mikumi, watapasua siku moja tu na kuondoka. Mke wangu akasema, "Mama apande basi la alfajiri, awahi."

"Basi? Gari lipo halafu mama apande basi?" Jamani, mdomo wangu huu!

Tukatoka wawili, mama kakaa nyuma. Barabara iliponyooka nikakanyaga mafuta, na kwa mara ya kwanza gari likakimbia kweli. Baada ya muda injini ikabadili sauti.

"Mkwe, nasikia harufu ya kuungua."

"Watu wanasafisha mashamba, mama."

Uongo! Yalikuwa masizi yangu yanaungua, kama fundi alivyosema. Gari lilikuwa linajitibu lenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kimya na kushika usukani. Mbele yetu nikamwona mzee mmoja, mteja wangu, amesimama kando ya njia.

Mnaijua adabu ya kwetu. Shikamoo haitupwi dirishani gari likienda, ni matusi. Unasimama, unazima, unashuka, unasalimia, unaulizwa wa nyumbani, unaulizwa shamba. Nikasimama. Nikazima.

Mbele kidogo wapo kina mama watu wazima wanatoka shambani. Nikasimama. Kisha mzee mwingine, na baiskeli yake. Nikazima tena! Kila likianza kushika moto, mimi nalikatiza.

Mama akaniambia kwa upole, "Mkwe, salamu tutazitoa wakati wa kurudi. Mimi ndiye mkubwa humu, nimekuruhusu."

"Hapana mama, watasema nina dharau."

Adabu gani! Ningekuwa natembea kwa miguu ningewakwepa nusu yao. Nilitaka waone gari, na wamwone mama mkwe wangu ndani yake.

Tulipofika Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji chetu cha njiani, gari likaishiwa nguvu. Nakanyaga, linatambaa. Mwisho halikutambaa tena. Wenyeji hawakuacha kunitania: gari la Ulaya limefika kwao!

Nikampigia fundi.

"Ulisimama njiani?"

"Kidogo."

"Ukazima?"

"Nilikuwa nasalimia wazee."

Akasema, "Basi endelea kuwasalimia, bosi."

Tulifika Mikumi tumepanda nyuma ya gari la mkaa, mama kashikilia kitenge chake alichokivaa kwa ajili ya madaktari. Muuguzi alikuwa anafunga chumba.

"Shikamoo mama. Wameshaondoka."

"Marahaba mwanangu. Watarudi lini?"

"Hatujaambiwa."

Nilitamani mama anitukane. Akasema tu, "Alhamdulillah, tumefika salama." Niligeuka ukutani nikalia, mtu mzima mimi.

Gari lilirudi Kilosa limefungwa kamba. Fundi alipobandua stika na kuwasha swichi, taa ikawaka palepale, na mke wangu aliiona. Alikwenda kumwambia mama yake, na mama akaniita.

"Mkwe, mimi macho yangu yamezibwa na Mungu. Hiyo taa ilizibwa na nani?"



Nyie wenye magari ya dizeli ya kwendea dukani, nawasihi! Taa ikiwaka, usiibandikie kitu, usimsingizie hasidi. Kalikimbize gari, na wazee wa njiani watakusamehe, salamu haziozi. Ukikaidi, utaishi kama mimi. Kila jioni mama mkwe ananiwekea Mwanaidi mapajani na kuniambia, "Haya, wewe unayeona, nieleze leo amekuwaje." Nami namweleza, kuanzia pua.