Sombe ya Mkono Mmoja

Katika kijiji chao ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, kila mtu aliujua mlio wa kinu cha Léopold. Alitwanga mara mbili kwa nguvu, kisha akagonga ukingo kwa mchi ili majani yaliyonata yaanguke: du, du, ka. Du, du, ka. Wanawake waliotoka ziwani na madumu ya maji walipunguza mwendo wamtazame vizuri, maana kwao Kongo, kule milimani juu ya Uvira, mwanamume aliweza kulima, kujenga, hata kushona nguo, lakini hakushika mchi. Sombe, yaani majani ya muhogo, ilikuwa kazi ya mama.

"Mama Léopold, sombe iko tayari?" Annonciata, jirani yao, alimwita hivyo siku ya kwanza kabisa.

"Ikiiva nitakuita, mama mwenzangu," Léopold akajibu bila kuinua kichwa. "Kuja na ugali yako. Miye natwanga tu, ugali sigawi."

Ndani ya kibanda cha turubai, Apolline, mke wake, alisikia kila neno, akaufunika mkono wake wa kuume kwa kitenge.

Mkono huo ulivunjika mwaka wa 1996, walipokuwa wakikimbia vita na lori lililowabeba likapinduka kwenye mteremko. Viviane, mtoto wao wa pekee, wa miaka minne, alikuwa mgongoni mwake na hakupata hata mkwaruzo. Mfupa wa mama yake ulijiunga wenyewe njiani, vibaya, na walipofika Nakivale miaka miwili baadaye, vidole vilikuwa vimekunjamana kama majani yaliyopigwa na jua. Apolline aliweza kufagia, kupalia, kupanga maharage sokoni. Mchi haukushikika.

"Tukule maharage tu," alimwambia mumewe jioni ile. "Banakucheka."

"Bacheke. Wewe ulisema unataka nini?"

"Sombe."

"Basi."

Mazungumzo yao juu ya jambo hilo yaliishia hapo, na yakatosha miaka kumi na saba.

Léopold alilima mahindi na maharage, akauza sokoni Kabingo na mara nyingine Mbarara mjini, na kila Jumamosi akarudi kwenye kinu. Viviane alipotaniwa shuleni kwamba baba yake karibu atavaa kitenge, alikuja nyumbani analia. Léopold alikichukua kitenge cha mkewe, akakifunga kiunoni, akatwanga hivyo mbele ya watu wote, mpaka mtoto akacheka machozi hayajakauka. Binti alipokua akataka kuupokea mchi, alimkatalia. "Ya bwana yako utatwanga. Hii ya mama yako ni yangu." Na mjukuu wake Grâce alipojifunza kukaa, alikaa kando ya kinu, babu akapiga du, du, kisha akangoja, mtoto akagonga ka kwa kijiti. Annonciata alikuwa ameacha kucheka siku nyingi. Sasa aliwaambia mabinti zake kwamba kijana akileta posa, wamuulize kwanza kama anajua kutwanga.

Mwanzoni mwa 2015 tumbo la Léopold lilianza kuvimba. Alilazwa hospitalini Mbarara, na baada ya majuma machache daktari alimwita Apolline kando, akamwambia ampe mgonjwa chochote atakachotamani. Apolline alielewa. Lakini Léopold hakutamani kitu. Uji aliusukuma, maziwa yalipoletwa aligeukia ukutani.

"Wewe sema," Apolline alimwinamia. "Unataka nini?"

"Sombe," akasema, kisha akatabasamu kama mtu anayejuta kusumbua. "Lakini sasa, nani atatwanga?"

Katika miaka yote hiyo Apolline hakuwahi kumtwangia mumewe majani ambayo mumewe alimtwangia yeye kila Jumamosi. Kama si sasa, haitakuwa tena.

Mjini hakuyapata majani. Watu wa Mbarara hula muhogo wenyewe, majani huwaachia wanyama. Akarudi kwa barabara ya kwenda Nakivale hadi kijiji cha Masha, alikokumbuka kuona shamba la muhogo kando ya barabara. Mwenye shamba alimruhusu achume bure.

"Mbuzi yako ni ngapi, nyabo?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya huko.

Apolline aliona haya kueleza. "Moja tu."

"Moja? Na majani yote hii?"

"Iko muzee. Imekataa kula."

"Sasa unangoja nini?" mwenye shamba akashangaa. "Chinja, kabla haijajifia!"

Apolline alichuma huku machozi yakimdondoka juu ya majani.

Alikuwa akilala mjini, mtaa wa Kamukuzi, kwa Jamirah, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua maharage ya Léopold. Jamirah alikuwa na kinu cha karanga. Alipoyaona majani alishika kiuno. "Hii ndiyo mgonjwa anataka? Haya. Lete mimi nitwange, wewe mkono hauwezi."

"Hapana, mama. Leo ni miye."

Basi Jamirah akakaa chini, akakibana kinu kwa miguu yake, na Apolline akatwanga kwa mkono wa kushoto. Mchi uliteleza, ukapiga ukingo, ukampiga Jamirah kwenye goti. Mama yule akapiga yowe, kisha wakacheka wote wawili. Majani hayakulainika. Yalibaki vipandevipande, hata baada ya kuchemka asubuhi nzima kwenye sigiri, pamoja na mawese na vitunguu.

Léopold alionja tonge la kwanza, akatafuna muda mrefu.

"Nani ametwanga hii?"

"Miye."

Aliutazama mkono wa kushoto wa mkewe, ulivyokuwa na malengelenge. Apolline akamsimulia habari za mbuzi mzee, hata ile ya kuchinja. Léopold alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Kisha akalia "mee," sauti ndogo sana, akafungua kinywa kwa tonge la pili. Aliimaliza yote, polepole, vipande pia, na akamtaka mkewe apanguse bakuli kwa kidole, amlishe hata hiyo.

Alifariki Jumatano iliyofuata mchana, Apolline akiwa nje anafua shuka. Walimzika Nakivale. Siku za matanga, Annonciata ndiye aliyetwanga sombe ya waombolezaji, na hakuna aliyemsikia akigonga ukingo.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka, Apolline alikitoa kinu uani. Grâce alikibana kwa miguu. Kijiti chake alikuwa nacho, lakini mapigo ya bibi hayakuwa na mpangilio, na hakujua agonge wapi.

Walipokaa kula, mtoto alitoa kipande kinywani, akakitazama.

"Bibi, ya babu haikukuwa hivi."

"Ndiyo," alisema Apolline. "Kula tu. Babu yako aliimaliza."